Msuguano

Msuguano ni kani inayotokea pale nyuso mbili zinapogusana, nayo hupinga uso mmoja kuteleza juu ya mwingine. Hupunguza mwendo wa vitu, lakini pia ndiyo inayomwezesha mtu kutembea bila kuanguka na gari kuondoka au kusimama. Pande zote mbili huonekana katika delta ya mto Rufiji na kwingineko katika wilaya ya Kibiti, mkoa wa Pwani, Tanzania.

Aina za msuguano

Msuguano tuli hukizuia kitu kilichosimama kisianze kuteleza. Kikishaanza, hubaki msuguano wa mwendo, ambao kwa kawaida ni mdogo zaidi. Kwa hiyo wanaosukuma mtumbwi kwenda majini hutumia nguvu nyingi mwanzoni, kisha hujitahidi usisimame njiani. Mtumbwi ukipitishwa juu ya magogo ya mviringo, kuteleza hugeuka kubiringika, na kazi hupungua sana.

Gurudumu hufanya kazi hiyohiyo. Manowari ya Kijerumani SMS Königsberg ilipoangamia deltani tarehe 11 Julai 1915, mizinga yake 10 iliopolewa, na baadaye ikafungwa magurudumu ili ikokotwe vitani nchi kavu.

Ukubwa wa msuguano

Msuguano hutegemea aina ya nyuso na kani inayozibana pamoja. Mtumbwi wenye masi ya kilogramu 150 hukandamiza ardhi kwa takriban niutoni 1,500. Ikiwa msuguano ni sehemu 0.4 ya kani hiyo, kuuburuta kunahitaji niutoni 600.

Chombo kilichopwelewa kwenye tope huwa kigumu kusukuma. Maji yakijaa hubeba uzito wake, kani inayokibana na tope hutoweka, na mtu mmoja mwenye pondo huweza kukisogeza. Kinachobaki ni ukinzani wa maji, unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka.

Msuguano barabarani

Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi hupita Kibiti na kuvuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Kwenye lami kavu, msuguano wa tairi huweza kufikia sehemu 0.7 ya uzito wa gari. Kwa kiwango hicho, gari lenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa husimama baada ya mita 36 hivi tangu breki ziliposhika. Mvua ikipunguza msuguano kwa nusu, umbali huo huwa mita 72. Dereva akipunguza mwendo hadi kilomita 40 kwa saa, hata kwenye utelezi huo gari husimama ndani ya mita 18. Tairi kipara huongeza hatari, kwa kuwa halina mifereji ya kuondoa maji chini yake.

Kwenye njia za udongo, tope huzuia tairi kushika ardhi. Kukanyaga mafuta zaidi huzungusha gurudumu na kuchimba shimo. Kutandika matawi au mawe chini ya tairi hurudisha msuguano unaohitajika gari liondoke.