Milioni Moja ya Akiba: Hisa, Hatifungani au Vipande?

Ukiwa na shilingi milioni moja ya akiba hapa Tanzania, hutakosa wa kukuambia ununue hisa. Atakutajia kampuni zilizopanda bei. Makato hayataji, ilhali kwa mwenye mtaji mdogo makato ndiyo ya kupigia hesabu kwanza.

Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 1998, na mpaka leo mwananchi hanunui humo moja kwa moja. Oda yako, hata ukiituma kwa simu kupitia mfumo wa Hisa Kiganjani, lazima ipite kwa dalali mwenye leseni. Kamisheni yake ni asilimia 1.7 kwa shilingi milioni 10 za mwanzo. Ongeza tozo za soko lenyewe, za Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana na za hifadhi ya hisa, unafika takriban asilimia 2.06, VAT haijaguswa. Kwa milioni moja hiyo ni 20,600. Siku ya kuuza unakatwa tena. Bei isipopanda kwa zaidi ya asilimia 4, kilichobaki cha kukufidia ni gawio, nalo hutozwa kodi ya zuio ya asilimia 5.

Ipo gharama nyingine ambayo huikuti kwenye risiti: kusubiri. Hisa za NMB na CRDB hazikosi wanunuzi, lakini zipo kampuni ambazo siku nzima haiuzwi hata hisa moja. Mzazi anayetegemea fedha hiyo kwa ada ya Januari asiiweke huko. Wala toleo la awali, ambalo mnunuzi hatozwi kamisheni, si kinga: hisa za Vodacom ziliuzwa 850 mwaka 2017, kisha zikakaa chini ya bei hiyo kwa miaka.

Hatifungani za serikali zina hesabu iliyo wazi zaidi. Kiwango cha chini kwenye mnada wa Benki Kuu ni hiyo hiyo milioni moja. Ya miaka 25 iliyotolewa kwa riba ya asilimia 12.56 mwaka 2022, ukiipata kwa bei kamili, inalipa 62,800 kila miezi sita, bila kodi ya zuio. Riba ya amana ya benki hukatwa asilimia 10. Ukitaka fedha kabla ya miaka kuisha, unaiuza kupitia soko hilo hilo la hisa, kwa makato madogo mno kuliko ya hisa, ila bei hufuata riba za wakati huo. Waliokuwa wameshika za asilimia 15.95 walifaidi riba mpya ziliposhushwa mwaka 2022. Riba zikipanda, mambo hugeuka.

Vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS vinamfaa anayeweka kidogo kidogo. Mfuko wake wa Ukwasi haukati unapotoka, na fedha huja ndani ya siku chache za kazi. Kwa dharura ningeanzia hapo, hatifungani ifuate, hisa ziwe za fedha usiyoihitaji kwa miaka mitano au zaidi.

Na kabla ya kusaini fomu ya akaunti ya CDS, yaani ile ya kuhifadhi hisa zako, mwambie dalali akuandikie kwa shilingi, si kwa asilimia, utakatwa kiasi gani ukinunua na kiasi gani ukiuza. Dalali mzuri hatasita.