Detekta Inaposikia Udongo Kabla ya Dhahabu

Je, wajua kwamba detekta ya metali ikishushwa kwenye udongo mwekundu wa Geita inaweza kulia mfululizo bila kuwepo hata punje moja ya dhahabu chini yake? Kinacholia ni udongo. Dhahabu ya vilima vya Geita, kwa sehemu kubwa, imo ndani au kando ya mwamba wenye matabaka ya chuma, na mwamba huo ukishaoza kwa jua na mvua huacha udongo wa rangi ya kutu na vijiwe vyeusi vinavyorukia sumaku. Kwa hiyo mteja wa detekta aliyepitisha pete yake ya ndoa mbele ya koili ya mashine pale dukani, akafurahi iliposikika, hajajaribu kitu bado. Dukani hakuna udongo.

Mashine inayoaminika zaidi katika nchi za udongo wa aina hii ni ya mapigo. Koili yake hupewa umeme kisha umeme hukatwa ghafla, mara mamia au maelfu kwa sekunde. Kila unapokatwa, nguvu ya sumaku iliyozunguka koili huporomoka, na metali yoyote iliyo karibu hupata mkondo mdogo wa umeme unaozunguka ndani yake na kufifia. Mashine hungoja kidogo, tuseme maikrosekunde 10, yaani sehemu 10 za milioni ya sekunde, halafu hutega sikio. Punje ndogo hunyamaza upesi, kipande kikubwa hukawia.

Sasa udongo nao una mwangwi wake. Umejaa chembe za madini ya chuma zisizoonekana kwa macho, na chembe hizo zikishageuzwa na sumaku ya koili hazirudi zote kwa pamoja. Nyingine hurudi papo hapo, nyingine hujikokota. Lakini mwangwi huo una kawaida yake: muda ukiongezeka mara mbili, sauti hupungua nusu. Hapo ndipo mafundi walipopata pa kuushikia.

Tufanye hesabu nyepesi. Udongo unatoa kipimo cha 100 baada ya maikrosekunde 10, na 50 baada ya 20. Zidisha kipimo cha pili kwa mbili, kisha utoe cha kwanza: sifuri. Udongo umenyamaza. Njoo kwenye punje ndogo ya dhahabu iliyoanza na 100 na kubakiwa na 14 tu. Mara mbili ni 28, ukitoa 100 unapata hasi 72. Kipande kikubwa kilichoanza na 100 na bado kina 82 kinakupa chanya 64. Ndiyo maana katika mashine nyingi za aina hii dhahabu ndogo hulia kwa sauti ya kupanda kisha kushuka, na kubwa hulia kinyume chake. Mchimbaji mzoefu hutambua tofauti hiyo kwa sikio tu, wala hajali hesabu zangu.

Lakini tazama pale katikati, baina ya hasi na chanya. Lazima kuwe na kipande, si kidogo sana wala si kikubwa sana, ambacho nacho hupungua nusu kamili kati ya kipimo cha kwanza na cha pili. Kwa mashine, dhahabu hiyo ni udongo. Koili itapita juu yake kimya kabisa. Watengenezaji wanalijua hilo, na ndiyo sababu mashine za bei kubwa huwa na mipangilio kadhaa ya muda wa kusikiliza: kila mpangilio una shimo lake la ukimya, na mashimo hayako mahali pamoja. Anayesema eneo fulani limeisha dhahabu kwa kuwa alilipitia mara moja kwa mpangilio mmoja, mimi simwamini.

Waaustralia waliyapitia haya mapema, maana nao wana udongo mwekundu wenye chuma. Mwaka 1980, karibu na Kingower katika jimbo la Victoria, detekta ya kawaida ilitoa bonge la dhahabu la kilo 27 lililopewa jina Hand of Faith. Bonge kama hilo, likiwa karibu na uso wa ardhi, hupiga kelele kuliko udongo wowote. Vipande vidogo vingi vilibaki chini hadi mwaka 1995, kampuni ya Minelab ilipotoa SD2000, mashine ya mapigo iliyobuniwa na Bruce Candy kwa ajili ya kupambana na udongo hasa. Watu walirudi kwenye viwanja vilivyodhaniwa vimekwisha, wakaanza upya.

Kuna kosa moja ambalo hata watu wazima katika kazi hii hulifanya: kuburuta sumaku ardhini na kuhukumu udongo kwa mchanga mweusi ulionasa. Mchanga mweusi wa chembe kubwa husumbua zaidi detekta za mawimbi mfululizo, zile za bei nafuu. Mashine ya mapigo inaweza kuuvumilia vizuri tu. Inayoivuruga ni ile chembe laini mno, na hiyo huzaliwa hata pale moto wa nyika unapopita juu ya udongo wenye kutu na kuupasha. Kwa hiyo shamba linalochomwa kila kiangazi linaweza kupiga kelele kuliko korongo lililojaa mchanga mweusi.

Juu ya udongo kuna umeme. Koili ni antena, ipende isipende. Inadaka laini za umeme zenye mtetemo wa mara 50 kwa sekunde, transfoma, uzio wa umeme, simu mfukoni, detekta ya jirani, na radi ya mbali, na Ziwa Victoria, jirani na Geita, ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani. Jaribio maarufu la kwanza la kutafuta metali kwa umeme lilikwama kwa kelele. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell alijaribu kutafuta risasi mwilini mwa Rais James Garfield wa Marekani. Chombo kilivuma kila kilipopitishwa, kumbe chini ya mgonjwa kulikuwa na godoro la nyaya za chuma. Juu ya hayo, daktari alimruhusu kupima upande wa kulia tu, na risasi ilikuwa kushoto.

Kutenganisha kelele ya udongo na ile ya umeme ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Inua koili hadi usawa wa kifua, mbali na ardhi. Kelele inayobaki ni ya hewani, na dawa yake ni kubadili kidogo kasi ya mapigo hadi isigongane na ile ya laini ya umeme. Kisha ishushe. Kelele inayoongezeka ni ya udongo. Nimeona vijana wakizungusha kitufe cha udongo nusu saa nzima ilhali adui wao alikuwa transfoma.

Nilijaribu mwenyewe pembeni ya mwalo mmoja wa kuchenjulia dhahabu, pamoja na mzee mchimbaji aliyenicheka tangu nilipofika. Badala ya dhahabu tulitumia chubwi la nyavu, la metali ya risasi. Metali hiyo hupitisha umeme kwa takriban sehemu moja ya tisa ya dhahabu, hivyo chubwi husikika kama dhahabu ndogo zaidi, na likipotea hakuna wa kulia. Hatukulifukia kwa kuchimba kutoka juu, kwa sababu udongo uliotifuliwa hausikiki kama uliolala. Tulisukuma bomba la plastiki kwa mshazari kutoka ukingo wa korongo, tukaingiza chubwi humo, na tukaweka bomba jingine lisilo na kitu. Mzee alipanga, mimi nikatafuta bila kujua lipi ni lipi.

Kwenye kina cha sentimita 15 nililisikia kila mara. Tulipolishusha hadi 30 nikakosea mara nne kati ya sita. Si ajabu: kina kikiwa mara mbili, mwangwi unaweza kudhoofika karibu mara 64, na hatua kama 100 kutoka pale mota ya karasha, mashine ya kusaga mawe, ilikuwa ikinguruma, laini ya umeme ikipita juu yetu. Visikizi vilikuwa vikitetema kama redio iliyopoteza stesheni.

"Mwalimu, ngoja kidogo," mzee akasema, akaketi kivulini.

Saa kumi kasorobo umeme ukakatika. Kule kwenye karasha watu wakaguna, wengine wakalaani. Mimi nikashusha koili juu ya bomba la kushoto, na kwa mara ya kwanza tangu tulipolishusha chubwi hadi 30 nikasikia wazi mlio mmoja mwembamba, ukapanda, ukashuka.