Nyumba za Utamaduni Zapimwa kwa Mizani Gani?

Aliyepata kukaa chuoni atakumbuka namna mwalimu alivyokuwa akitupima. Mkeka ulikuwa mmoja na watoto tele, lakini mwalimu hakushughulika kutuhesabu. Alikuwa akimnyoshea mmoja wetu bakora na kusema, "Haya, soma." Ukisoma umesoma, ukikwama umekwama. Kuwa hukukosa chuo hata siku moja hakukukuokoa.

Hayo nimeyakumbuka nikiwa mbali na pwani, huku Matasia katika Kajiado, kwenye njia itokayo Ngong kwenda Kiserian. Mpwa wangu amenunua ploti na kujenga, nami nimekuja kumtazama na kuikimbia joto ya Mombasa. Asubuhi ukifungua dirisha waiona Milima ya Ngong, ambayo Wamaasai huiita Oloolaiser. Chini yake ni mabati, mageti ya chuma na maduka ya saruji. Watoto wapitao kwenda shule wasema Kiswahili cha Nairobi, na Kimaa utakisikia zaidi kwa wazee. Hata jina la Kajiado latokana na Olkejuado, yaani mto mrefu, lakini niliowauliza stendi ya matatu walicheka wakasema ni jina tu.

Jirani ya mpwa wangu ni mzee wa Kimaasai. Jioni moja alikuja kunywa chai. Nilimwamkia, "Supa," akaitikia, "Ipa," kisha tukaingia katika Kiswahili, maana Kimaa changu kilikomea hapo. Aliposikia kuwa mimi ni mtu wa magazeti alikiweka kikombe chini.

"Shehe," akanambia, "mwaka wa ile njaa kubwa walikuja watu na mashine ya kunasa sauti. Niliwaimbia, nikawahadithia, nikawapa na vitendawili vya bibi yangu, mchana kutwa. Wakanishukuru wakaenda zao. Wewe waijua mijini. Sauti yangu iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Nyumba iliyowatuma watu hao siitaji hapa, kwani sikuwapo. Lakini swali lake ni kubwa kuliko nyumba moja, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Tangu mwaka 2004 Serikali ya Kenya imekuwa ikitia saini mikataba ya utendakazi na mashirika yake. Shirika huahidi kwa tarakimu kwamba litafanya kadha wa kadha, na mwaka ukiisha hukaguliwa na kupewa alama. Hilo si baya. Fedha ni za umma, na umma una haki ya kuuliza zimefanya nini. Basi nyumba za utamaduni nazo hujikuta zikihesabu kile kihesabikacho kwa wepesi: wageni waliopita langoni, maonyesho yaliyofanywa, vitabu vilivyochapishwa, makala zilizotoka katika majarida ya wataalamu.

Sisi watunga mashairi hatuwezi kuicheka hesabu, kwani tunaishi nayo. Kipande kikipungua mizani moja msikizi husikia hata kama hakusoma. Lakini kila mtunzi amepata kukutana na shairi lililotimia mizani na vina, kumi na sita kila mshororo, na ndani yake hamna kitu.

Tazama mfano wa karibu. Ukiiacha Matasia ukashika njia ya Magadi, utafika Olorgesailie, mahali penye mashoka ya mawe ya watu wa kale. Louis na Mary Leakey walichimba hapo miaka ya 1940, na tangu 1947 watu huenda kupatazama. Mwaka 2018 wataalamu wa Marekani pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya walitoa makala tatu kwa mpigo katika jarida la Science, wakieleza zana za miaka 320,000 hivi iliyopita zilizopatikana katika bonde hilo. Katika daftari la uchapishaji hiyo ni alama ya juu kabisa, na yastahili, kwani habari yenyewe yamhusu kila mwanadamu. Hata hivyo, nenda kwa wachungaji wanaonywesha ng'ombe kando ya mahali hapo, uwaulize ni nani aliyewasomea makala hizo kwa lugha waisikiayo. Swali hilo katika daftari halina safu yake.

Na vitabu vya Wamaasai wenyewe? Vipo, tena vizuri. S. S. ole Sankan alitoa kitabu chake juu ya kabila lake mwaka 1971. Padre Frans Mol alitoa kamusi ya Kimaa mwaka 1978. Naomi Kipury, binti wa Kimaasai, alikusanya ngano, vitendawili, methali na nyimbo akazichapisha mwaka 1983. Henry ole Kulet aliandika riwaya tangu 1971, akapata tuzo ya Jomo Kenyatta, na riwaya yake moja ikasomwa na wanafunzi wa sekondari nchi nzima, hadi alipofariki mwaka 2021. Siwalaumu hata mmoja, bali nawavulia kofia. Lakini vyote hivyo maelezo yake ni ya Kiingereza, na mzee aliyekunywa chai nami hakijui Kiingereza. Ametoa kwa Kimaa, limerudi kwa lugha ya wengine, au halikurudi kabisa.

Msomaji wa pwani asidhani haya ni ya Wamaasai pekee. Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili, ilipima miswada ya vitabu vya shule kwa kipimo cha Kiunguja, na kilichofaulu kikapewa idhini. Vitabu vilitoka kwa wingi, na kwa hesabu hiyo kazi ilifana. Waulize wazee wa Mvita na Lamu maneno yao yalikwendaje katika kipimo hicho! Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, aliyefariki mwaka 2017, alitumia umri wake kuyaokota yaliyoachwa njiani, hasa ya baharini, na kuyarudisha kwa wenyewe.

Tena hesabu yenyewe huweza kukuchezea. Katika sensa ya 2009 Wamaasai wa Kenya waliandikwa 841,622, na katika ile ya 2019 wakawa 1,189,522. Anayetazama tarakimu atasema utamaduni wa Kimaasai wanawiri. Lakini mwaka 2018 UNESCO iliziingiza jando zao tatu, Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, katika orodha ya mambo yanayohitaji kuokolewa haraka. Watu wameongezeka na ada inapungua! Nasi Waswahili tuliandikwa 110,614 mwaka 2009, kisha 56,074 mwaka 2019. Je, nusu yetu ilikufa katika miaka kumi? Hapakuwa na tauni wala vita. Karani aliuliza, mtu akajibu vile ajionavyo siku ile, na tarakimu ikazaliwa.

Huko Australia iko taasisi ya wenyeji wa asili, AIATSIS, iliyoanza mwaka 1964 katika mji wa Canberra. Ina nyumba yake ya kuchapisha vitabu, na kila mwaka hutoa taarifa ya utendaji wake, uchapishaji na mashirikiano na umma yakiwamo. Mwanzoni mambo yalikuwa mikononi mwa wataalamu wa kizungu. Sheria ya 1989 ikawapa wenyeji kauli kubwa katika baraza lake. Nayo kazi moja waliyoianza baadaye ni kufuatilia vitu vya wenyeji vilivyomo katika makumbusho ya ng'ambo na kuvirudisha kwa jamaa zilizotoka. Hapo pana jambo la kuiga. Kurudisha nako kwahesabika: kanda ngapi zimerudi kwa aliyeimba au kwa wanawe, vitabu vingapi vimetoka kwa lugha ya aliyehadithia, watoto wangapi wamekisikia kitendawili cha bibi yao wakakitegua. Si hesabu ngumu kuliko ya tikiti za langoni. Ina aibu tu, kwani mwaka wa kwanza huenda jibu likawa sifuri.

Kwetu mtu akikuwekea kitu huitwa amana, na amana haipimwi kwa uzuri wa kabati uliloifungia. Nadhani wanaotunza nyumba hizi walijua hivyo kabla yangu. Wengi wao nawafahamu, ni watu wenye mapenzi na mishahara midogo. Lakini mtumishi hufuata daftari analokaguliwa nalo, na safu isiyokuwamo hakuna anayeijaza.

Nilimwomba mzee anieleze zaidi. Mwaka ule wa njaa ulikuwa 1984, kwa kuwa mwanawe wa tatu alizaliwa wakati huo. Mashine ilikuwa na magurudumu mawili yaliyozunguka, na mwenye kuishika alikuwa kijana mwenye miwani aliyependa maziwa mgando. Nimeandika yote, na jina la ukoo wake, na kitendawili kimoja alichosema kimo katika kanda hiyo mwanzo kabisa, ili nikiifungua nijue ndiyo. Jumatatu naanza kubisha milango.