Rafadha ya droni nayo ina mizani yake: somo kutoka Dagahaley

Siku hizi ni nadra kwenda arusini Mombasa, Malindi au Lamu usione droni ikielea juu ya vichwa vya watu. Mwenye droni atakusimulia habari za kamera yake, betri yake na bei aliyoinunulia. Rafadha zinazoibeba juu hazitaji, wala haziangalii mpaka siku zitakapovunjika. Leo nataka kueleza jambo moja linaloonekana dogo, nalo ni kusawazisha rafadha ili uzito wa panga la upande huu uwe sawa na wa panga la upande ule. Mfano wangu nautoa Dagahaley, kaunti ya Garissa, kwa kuwa kule vumbi, joto na miba hufichua haraka yale ambayo huku pwani huchukua miezi kuonekana.

Kwa asiyepajua, Dagahaley ni moja ya kambi za wakimbizi za Dadaab. Kambi tatu za mwanzo, Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilifunguliwa mwaka 1991 na 1992 zikikusudiwa watu 90,000, na idadi hiyo ilipitwa zamani. Mwishoni mwa 2022 kipindupindu kiliingia Dadaab. Mwaka uliofuata, mvua za El Niño zilijaza maji kambini, watu wakahama makazi yao na vyoo vikafurika. Katika hali kama hiyo, picha ya kutoka juu huonyesha maji yanasimama wapi, mtaro upitishwe wapi, na choo kipi kimechimbwa bondeni karibu na bomba la watu. Nilikuwa huko na kundi dogo lililokuwa na kibali cha kupiga picha za mitaro, na kazi yangu ilikuwa kutunza droni zake mbili. Picha ikitoka na ukungu, ramani haiungani, na asiyeona mtaro hawezi kuuchimba.

Uzito wa punje nne za mchele

Tuchukue droni ya kawaida, ile ya rafadha nne zenye urefu wa kama sentimita 24. Ikiwa hewani imetulia, kila rafadha inaweza kuzunguka mara 6,000 kwa dakika, yaani mara 100 kwa sekunde. Sasa tuseme panga moja limelizidi lenzake kwa gramu 0.1 tu, ambayo ni kama punje nne au tano za mchele, na uzito huo uko katikati ya panga, sentimita 6 kutoka kitovuni. Rafadha ikisimama, uzito huo ni kama haupo. Ikizunguka kwa kasi hiyo, unavuta kitovu kwa nguvu sawa na uzito wa karibu robo kilo. Nao hauvuti upande mmoja tu, bali unauzunguka mhimili wa mota mara 100 kila sekunde.

Kitu cha kukumbuka ni kwamba nguvu hiyo hukua kwa mraba wa kasi. Mizunguko ikiongezeka maradufu, mvuto unakuwa mara nne. Ndiyo maana pangaboi la sebuleni linaweza kuyumbayumba miaka kumi bila kuanguka, lakini rafadha ya droni yenye kasoro ndogo kuliko hiyo inaua mota ndani ya wiki chache. Wavuvi wanalijua hili kwa upande wao. Rafadha ya mashini ikigonga mwamba na kupinda ncha, nahodha husikia mtetemo miguuni kabla hajaona chochote.

Kwenye droni, mtetemo huo hufanya madhara matatu. Kwanza, hula beringi za mota. Pili, huharibu picha, kwa sababu kamera hizi husoma picha mstari kwa mstari. Ikitikiswa wakati inasoma, nyumba zilizonyooka hucheza kama faluda kwenye sahani. Tatu, na hili ndilo la hatari zaidi, huichanganya kompyuta ya droni. Chombo hiki hujua kimelala au kimeinama kwa kutumia vipima-mwendo vidogo vilivyo ndani yake. Mtetemo ukizidi, vipima hivyo husoma kelele badala ya mwendo, na droni inaweza kupanda, kushuka au kwenda kombo bila kuamrishwa. Watengenezaji wa programu ya ArduPilot, inayoendesha droni nyingi za kujiundia, wanaeleza kwamba mtetemo usiozidi mita 30 kwa sekunde mraba kwa kawaida unavumilika. Ukipita 60, karibu kila mara droni itashindwa kushika mahali au kimo chake.

Namna ya kusawazisha

Kabla ya yote, toa betri. Rafadha ya droni inakata kidole, na mota haikuarifu kabla ya kuwaka.

Vua rafadha, ioshe kwa maji na sabuni kidogo, ikauke. Nyingi zinazodhaniwa kuwa na kasoro huwa zimebeba uchafu tu. Kisha ikague kwenye mwanga. Pitisha ukucha kwenye ukingo wa mbele wa kila panga, pinda ncha kidogo sana na utazame kama kuna ufa karibu na kitovu. Rafadha yenye ufa haisawazishwi, hutupwa. Usiibandike gundi ukategemea salama.

Ikiwa nzima, ipitishe kwenye kijiti cha mizani. Kuna vifaa vya kununua ambavyo kijiti chake cha chuma hushikwa na sumaku mbili, kikigusa upande mmoja tu, kwa hiyo hakina msuguano wa kuhesabika. Asiye nacho anaweza kutumia msumari mwembamba ulionyooka, ukae juu ya kingo za gilasi mbili zenye kimo kimoja. Fanya kazi hiyo ndani, milango imefungwa, kwani hata pumzi yako inaisukuma.

Ilaze rafadha sawasawa, kama mizani ya dukani, uiachie taratibu. Panga linaloshuka ndilo zito. Igeuze kijiti upande wa pili urudie. Likishuka panga lile lile, kasoro ni ya rafadha, na likishuka lingine, kasoro ni ya kijiti chako. Ukishajua panga zito, una njia mbili. Ya kwanza ni kuongeza uzito kwenye panga jepesi kwa kipande kidogo cha selotepu, upande wa chini, katikati ya panga, mbali na ukingo wa mbele. Ya pili ni kupunguza panga zito kwa msasa laini, upande wa chini pia, kidogo kidogo, ukipima kila baada ya mikwaruzo michache. Upande wa juu na ukingo wa mbele usiviguse, kwani ndivyo vinavyoipa rafadha nguvu ya kunyanyua. Kama rafadha ni ya kaboni, lowesha msasa na ufunike pua na mdomo, maana vumbi lake ni baya kwa mapafu.

Wengi huishia hapo, na kazi inakuwa nusu. Sasa isimamishe rafadha wima, panga moja juu na jingine chini. Ikiinama kushoto au kulia, kitovu ndicho kizito upande mmoja. Tia tone la gundi upande wa pili wa kitovu, lisubiri likauke, upime tena. Rafadha iliyokamilika hukaa popote unapoiacha, iwe imelala, imesimama au iko mshazari.

Rafadha za kukunja, zinazotumika kwenye droni nyingi mpya, zina shida yake kwa kuwa kila panga lina bawaba. Hizo hupimwa mbilimbili kwenye mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01. Hata hivyo, mapanga mawili yanaweza kulingana uzito na bado yasilingane mizani, iwapo moja limebeba uzito wake karibu na ncha. Kwa hiyo moja likiharibika, badilisha yote mawili kwa jozi iliyotoka kiwandani pamoja.

Ukimaliza na mtetemo bado upo, vua rafadha zote na uwashe mota bila kitu juu yake. Mota inayotetemeka peke yake ina mhimili uliopinda au mchanga kwenye beringi, na hapo hakuna selotepu itakayokusaidia.

Dagahaley inavyoongeza kazi

Ardhi ya Dagahaley ni mchanga na vumbi jekundu. Droni inapopaa na kutua, upepo wake wenyewe hunyanyua mchanga huo na kuurusha kwenye rafadha. Baada ya siku chache ukingo wa mbele unakuwa mkwaruzo, na hauliki sawa kwa mapanga yote. Dawa yake ni rahisi, nayo tunayo majumbani mwetu: tandika jamvi, ulizuie kwa mawe pembeni, uruke na kutua juu yake. Jamvi moja liliokoa rafadha nyingi kuliko kifaa chochote tulichokuwa nacho.

Kuna miba ya mathenge pia, ule mti ulioenea Garissa na kwingineko kwenye ukame. Ncha ya rafadha ikipita kwenye tawi lake hupata pengo dogo, na pengo la ncha ni baya kuliko la katikati kwa sababu liko mbali na kitovu. Mdharau mwiba mguu huota tende, na droni vivyo hivyo.

Halafu joto. Hewa ya nyuzi 40 ni nyepesi kwa takriban asilimia 5 kuliko hewa ya nyuzi 25. Rafadha inalazimika kuzunguka kasi zaidi ili kubeba uzito ule ule, na mvuto wa kasoro unaongezeka kwa kiasi hicho hicho. Rafadha iliyovumilika asubuhi inaweza kuleta matata saa nane mchana. Tulikuwa tunaruka baada ya alfajiri, jua halijakomaa na upepo haujaamka.

Sauti ambayo watu wanaijua

Kuna jambo ambalo vitabu vya droni havilisemi. Rafadha isiyosawa hupiga kelele zaidi, na Dagahaley kelele hiyo ina maana yake. Wengi wa wanaoishi pale wametoka Somalia, ambako Marekani imekuwa ikishambulia kwa ndege zisizo na rubani tangu 2011. Mzee mmoja aliniuliza, bila kunizungusha, kama chombo kile kinapiga picha au kinapiga watu. Lilikuwa swali la haki. Baada ya hapo hatukuruka kabla ya kupita kwa wazee wa mtaa, kuwaonyesha chombo kikiwa chini na kuwaeleza kinapita wapi na kwa dakika ngapi. Droni iliyosawazishwa haiondoi hofu, lakini inapunguza mngurumo na haiangukii boma la mtu.

Sheria nayo ipo. Kanuni za droni za Kenya za mwaka 2020 zinasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Droni husajiliwa, na bila idhini maalumu haipiti futi 400 kutoka ardhini. Dadaab ni karibu na mpaka na ina kiwanja kinachotua ndege za misaada, kwa hiyo hakuna cha kuruka kwa kujifurahisha.

Maoni yangu

Pwani yetu si geni katika kazi hii. Kuanzia 2016 Zanzibar ilipiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kwa droni katika mradi wa Zanzibar Mapping Initiative, Kamisheni ya Ardhi ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA. Kinachokosekana ni mafundi. Tunanunua chombo, kinaharibika, tunaagiza kingine. Rafadha za kuagizwa kutoka Nairobi huweza kuchukua siku kadhaa kufika Dagahaley, na mkimbizi hawezi kuzifuata mwenyewe bila ruhusa ya kutoka kambini. Kijana wa kambini aliyefundishwa kutumia kijiti, msasa na selotepu anaokoa siku hizo. Mafunzo yenyewe ni ya asubuhi moja, na vifaa vyake vinaenea kwenye mfuko wa shati. Vyuo vyetu vya ufundi vinavyofundisha kurekebisha mashini za boti vingeweza kuliongeza somo hili bila gharama ya maana.

Nanyi mnaopiga picha za arusi, kabla ya kuirusha droni juu ya bibi arusi na watoto, vueni rafadha jioni ya kuamkia siku yenyewe mzipime. Ni kazi ya nusu saa. Itakayoonyesha ufa isirudi juu, hata kama mwenye arusi ameshalipa.