Gari la zamani uwanjani: Raha ya siku moja, hesabu ya mwaka mzima

KWA mkulima, kiwanja cha ndege kilichoachwa ni ardhi iliyokufa. Lami haioti mahindi, na kung'oa zege ni gharama inayoweza kuzidi thamani ya shamba lenyewe. Hilo ndilo tatizo lililowakabili wenye mashamba wengi nchini Uingereza mwaka 1945, Vita Kuu ya Pili ilipomalizika na kuacha viwanja vya ndege za kivita vimetapakaa katikati ya malisho na ngano.

Vingi vilirudishwa kwenye kilimo. Vichache vilipata kazi nyingine ambayo hadi leo inawaingizia wenyewe fedha, nayo ni mbio za magari. Silverstone, Castle Combe na Goodwood vyote vilianza hivyo. Na katika viwanja hivyo, siku ambazo hakuna mashindano, hufanyika biashara isiyojulikana sana huku kwetu. Raia wa kawaida hulipa kiingilio, huleta gari lake mwenyewe na kuliendesha kwa kasi ambayo barabarani ingemfikisha mahakamani.

Wengi wao huja na magari ya spoti ya zamani. Jinsi wanavyoyaandaa ni somo kwa yeyote mwenye trekta, pikapu au pikipiki iliyozeeka ambayo bado inatakiwa kufanya kazi.

Lami iliyogeuka mtaji

Goodwood iko West Sussex, kusini mwa Uingereza, ndani ya shamba la ukoo wa Duke wa Richmond. Wakati wa vita kiwanja hicho kiliitwa Westhampnett. Ndege ziliruka kutoka kwenye nyasi, na pembeni palikuwa na barabara ya lami ya kuzunguka kiwanja. Rubani mmoja kutoka Australia, Tony Gaze, ndiye aliyempa Duke wa wakati huo, Freddie March, wazo la kuitumia barabara hiyo kwa mbio. Mashindano ya kwanza yalifanyika Septemba 1948, petroli ikiwa bado ya mgawo. Mzunguko mmoja una urefu wa kilometa 3.8 hivi.

Si hadithi ya raha tupu. Mwaka 1962 dereva maarufu Stirling Moss aligonga vibaya kwenye kona ya St Mary's, akapoteza fahamu kwa takriban mwezi mmoja, na huo ukawa mwisho wa enzi yake katika mashindano makubwa. Mwaka 1970 Bruce McLaren alifia hapo hapo akijaribu gari. Mashindano yenyewe yalikuwa yamesimamishwa tangu mwaka 1966, kwa sababu magari yalikuwa yamezidi kasi na mwenye ardhi hakutaka kuubadili uwanja ili uendane nayo.

Hata hivyo, hakuufunga. Uliendelea kukodishwa kwa majaribio na kwa madereva wa kawaida, na mwaka 1998 mashindano yakarudi, safari hii kwa magari ya zamani tu, kwa sababu uwanja ulikuwa umebaki kama ulivyokuwa. Leo ardhi hiyo ina ng'ombe wa maziwa wanaofugwa kwa kilimo hai, ina mbio za farasi na ina mbio za magari. Mlango mmoja ukiwa mgumu, mwingine uko wazi.

Biashara ilivyo

Mwandaaji wa siku hizi hufanya kama mtu anayekodi basi la kwenda harusini. Anamlipa mwenye uwanja bei moja kwa siku nzima, pamoja na gharama za gari la wagonjwa, waokoaji na wapeperusha bendera, kisha anauza nafasi moja moja. Nafasi zisipojaa, hasara ni yake.

Kuna bidhaa nyingine inayouzwa humo bila kuonekana, nayo ni kelele. Majirani wa viwanja hivi ni wakulima na wakazi wa vijijini, na mamlaka zimeweka viwango vya kelele. Kila gari hupimwa kabla ya kuingia. Kipimo huwekwa nusu mita kutoka kwenye bomba la moshi, injini ikizungushwa hadi robo tatu ya uwezo wake. Likizidi kiwango cha siku hiyo, mwenye gari harudishiwi fedha kirahisi. Ndiyo maana mtu makini hukagua sailensa wiki kadhaa kabla, badala ya kungoja kubishana na mpimaji asubuhi ya siku yenyewe.

Waandaaji hawaruhusu kupima muda kwa saa. Si mashindano. Ikianza kupimwa nani ana kasi zaidi, inakuwa shughuli nyingine yenye leseni na kanuni zake.

Gari lenyewe

Gari linaloonekana sana katika siku hizi ni MGB, gari dogo la spoti lililotengenezwa katika kiwanda cha Abingdon kuanzia mwaka 1962 hadi mwaka 1980. Yalitoka zaidi ya 500,000. Lina injini ya silinda nne yenye ujazo wa cc 1,798, kabureta mbili katika matoleo mengi, na uzito wa chini kidogo ya tani moja.

Si gari la kutisha kwa kasi. Sifa yake ni ile ile ambayo mkulima huitafuta kwenye trekta: spea zipo. Kwa kuwa yalitengenezwa mengi, wafanyabiashara wameona soko na wanaendelea kulihudumia. Tangu mwaka 1988 hata bodi mpya kabisa zimekuwa zikitengenezwa kwa kutumia mitambo ya awali. Mtu anayenunua gari la nadra kwa sababu ni rahisi siku ya kwanza hujuta siku ya pili anapotafuta gasketi.

Breki kwanza, injini baadaye

Mgeni wa uwanja huwaza nguvu za injini. Mzoefu huwaza kusimama.

Hesabu yake ni rahisi. Gari la tani moja, pamoja na dereva, likipunguza mwendo kutoka kilometa 140 kwa saa hadi 70, hupoteza robo tatu ya nguvu ya mwendo wake. Karibu nguvu hiyo yote hugeuka joto ndani ya breki, joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita moja na nusu ya maji. Hiyo ni kona moja. Kwenye mzunguko zipo kadhaa, na mizunguko hufuatana.

Hapo ndipo mafuta ya breki yanapomwumbua mwenye gari. Mafuta ya kawaida ya aina ya DOT 4 hufyonza unyevu wa hewani kidogo kidogo. Yakiwa mapya hayachemki kabla ya kufika nyuzi joto 230. Yakishanyonya maji, kiwango kinachokubalika kinashuka hadi nyuzi 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Dereva anakanyaga pedali, inakwenda hadi sakafuni, gari haliachi kukimbia.

Dawa yake ni kumwaga mafuta ya zamani na kujaza mapya kutoka kwenye chupa ambayo haijafunguliwa. Bei yake ni ndogo kuliko ya kitu kingine chochote katika safari nzima. Lori linaloteremka mlima likiwa na viazi au mbao liko katika hatari hiyo hiyo, tena bila uwanja wala waokoaji.

Baada ya breki ni matairi. Gari la zamani hukaa sana gereji, hivyo tairi huweza kuwa na kashata nzima huku mpira umekauka. Ubavuni pana tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa. Mfano, 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Anayenunua matairi ya mtumba azisome kabla ya kutoa fedha.

Kisha hufuata rejeta na mipira yake, feni, kiwango cha oili, nati za magurudumu, na betri ambayo lazima ifungwe isicheze. Jeki, spana na chochote kilicholegea huondolewa ndani ya gari.

Petroli nayo inahitaji uangalifu. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida nchini humo imechanganywa na ethanoli hadi asilimia 10. Ethanoli hutokana na mazao kama miwa, mahindi na ngano, kwa hiyo ni habari njema kwa mkulima, lakini huvuta maji na kula mipira ya mafuta ya magari ya zamani. Wenye magari hayo hushauriwa kutumia ile yenye asilimia 5, hata kama ni ghali zaidi, au kubadili mipira.

Siku yenyewe

Asubuhi huanza kwa maelezo ambayo hakuna anayeruhusiwa kuyakosa. Bendera ya njano ni hatari, usimpite mtu. Nyekundu ni kupunguza mwendo na kurudi wote. Nyeusi ukioneshwa wewe, ingia upangwe sawa. Kumpita mwenzako ni sehemu zilizonyooka tu, kwa upande uliotajwa, na baada ya aliye mbele kukupa njia.

Baada ya hapo hufuata mizunguko michache ya polepole ya kuijua njia, kofia ngumu kichwani. Mwendo hupandishwa taratibu. Mzoefu haendeshi muda mrefu mfululizo. Dakika 15 hivi zinatosha, na mzunguko wa mwisho huwa wa polepole ili hewa ipooze breki. Akisimama havuti breki ya mkono, kwa kuwa breki zikiwa za moto zinaweza kung'ang'ania. Anaweka gia, anafungua boneti, anakagua oili.

Bima: hapa ndipo fedha hupotea

Bima ya kawaida ya barabarani kwa kawaida haigusi uwanja. Mwenye gari akiligonga kwenye ukuta wa matairi, hasara ni yake, na waandaaji wengi humdai pia gharama ya kutengeneza alichovunja. Zipo bima za siku moja, lakini sehemu ya kwanza ya hasara hubaki kwa mteja. Kabla ya kuingia hutia saini hati kwamba amekuja kwa hiari yake.

Hivyo wenye busara hujiuliza swali moja kabla ya kulipa kiingilio: gari hili likiisha leo, nyumbani kutaliwa nini? Asiye na jibu hukaa kando akatazama, au hulipeleka kwa mwendo anaoweza kuulipia.

Jioni msururu wa magari hutoka getini kurudi majumbani. Mengine yako juu ya trela, yakiwa yamevunja gia au kuunguza gasketi. Yanayotembea yenyewe mara nyingi si yale yaliyokuwa na kasi zaidi. Ni ya wale walioona geji ya joto ikipanda saa tisa alasiri, wakaamua kwamba kwa siku hiyo imetosha.