Fahamu: Usalama wa Landless, pesa za kaunti

Mtaa kama Landless, Thika, ukiwa gizani, wengi hulaumu polisi. Polisi wako chini ya serikali ya kitaifa, lakini taa za barabarani, barabara za mitaa na zimamoto, kwa mujibu wa Katiba ya 2010, ni kazi ya kaunti ya Kiambu. Hapo ndipo usalama unapokutana na bajeti.

Kiambu inajua gharama ya kutofuatilia. Gavana Ferdinand Waititu aliondolewa na Seneti Januari 2020. Februari 2025 mahakama ilimtia hatiani kuhusu zabuni ya shilingi milioni 588 ya barabara, zikiwemo za Thika na Ruiru.

Makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na wananchi lazima washirikishwe. Ukitaka kuona mkataba wa taa, iandikie kaunti ombi: sheria ya 2016 ya haki ya kupata habari inaipa ofisi husika siku 21 kukujibu, au saa 48 iwapo uhai wa mtu uko hatarini. Ikikunyima, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Tafadhali, hifadhi nakala ya ombi lako iliyogongwa muhuri.