Aliyegusa Pindo kwa Nyuma

Kwa sheria ya Walawi sura ya 15, mama yule wa Injili aliyegusa vazi la Yesu hakutakiwa kabisa kuwa kwenye msongamano. Mwanamke aliyetokwa na damu nje ya siku zake alihesabiwa najisi siku zote za kutokwa huko. Kitanda alicholalia kilikuwa najisi, kiti alichokalia hali kadhalika, na aliyevigusa alipaswa kufua nguo, kuoga na kubaki najisi hadi jioni. Mama huyu aliishi hivyo miaka 12. Nani angemwalika harusini? Nani angempa mtoto ambebe?

Marko hafichi habari za fedha. Anasema alihangaika kwa matabibu wengi, wakamtesa, akamaliza kila alichokuwa nacho, na badala ya kupata nafuu akazidiwa. Luka, ambaye mapokeo yanamtaja kuwa tabibu, anasimulia kisa hicho hicho kwa upole zaidi kwa matabibu. Kila fani ina namna yake ya kulindana.

Kwa hiyo wahubiri wanaomtumia mama huyu kuwaambia waumini watupe vidonge wamemsoma vibaya. Alitafuta tiba mpaka akafilisika, na hakuna mahali anapokaripiwa kwa hilo.

Akapenya kwa nyuma katika umati uliomzunguka Yesu. Mathayo na Luka wanataja pindo la vazi. Huenda ni vile vishada ambavyo kitabu cha Hesabu kinawaagiza Waisraeli kuvitia kwenye ncha za mavazi yao. Nia yake ilikuwa aguse, apone, aondoke bila mtu kujua. Na alifaulu, damu ikakatika papo hapo. Kama shida ingekuwa ugonjwa peke yake, habari ingeishia hapo.

Yesu akasimama, akauliza ni nani aliyemgusa. Wanafunzi wakashangaa, na walikuwa na haki: ni sawa na kuuliza swali hilo ndani ya daladala la Mbagala saa kumi na mbili jioni. Yeye akaendelea kutazama huku na huku. Wakati huo pembeni yuko Yairo, mkuu wa sinagogi, ambaye binti yake wa miaka 12 yu mahututi nyumbani. Safari ilikuwa ya kwenda kwake, yeye ndiye aliyetangulia kuomba, tena mtu mwenye cheo. Sasa msafara umesimama kwa ajili ya mama ambaye hata jina lake hatuambiwi. Anajitokeza akitetemeka, anaanguka chini, anaeleza kila kitu, na mateso ya miaka 12 hayasimuliki kwa sentensi mbili. Hawajamaliza kuongea, wajumbe wanafika: mtoto amefariki.

Tunapenda kuruka sehemu hii tukimbilie ufufuo wa mtoto. Mimi naona uzito uko hapa. Mwili wa mama ulikuwa umeshapona. Waliobaki ni watu. Asingesema hadharani, angerudi kwake akiwa mzima na bado majirani wangemkwepa kisimani. Yesu akampa nafasi ya kusema mbele ya umati uliomhesabu najisi, na mbele ya kiongozi wa sinagogi, kisha akamwita binti. Malipo hayakutajwa. Wala hakumwambia imani yake ilikuwa pungufu kwa sababu alikuja kwa kificho.

Kwetu mikono haijaacha kunyooshwa. Mwaka 2011 magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi kuelekea Samunge, Loliondo, ambako mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, Babu kama watu walivyomzoea, aligawa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Bei ilikuwa ndogo, nauli ndiyo iliyowamaliza watu, na wagonjwa wengine walifia njiani wakisubiri zamu. Tarehe 1 Februari 2020, uwanjani Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Siwacheki waliokwenda. Mtu aliyeumwa miaka mingi hapimi hatari kama tunavyoipima sisi wazima. Ila umati wa namna ile hauna wa kuusimamisha ili mgonjwa mmoja asikilizwe.

Na wapo akina mama wanaoishi maisha ya yule wa Injili karibu neno kwa neno. Fistula ya uzazi huwapata baada ya uchungu uliokwama kwa muda mrefu bila upasuaji: mtoto mara nyingi hufa, mkojo huvuja usiku na mchana, harufu humtangulia mama kila aendako. Baadhi huachwa na waume, na kanisani hukaa benchi la nyuma au huacha kuja kabisa. Wengi hudhani wamerogwa. Hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam imekuwa ikiwafanyia upasuaji bila malipo, na iliweka utaratibu wa kutuma nauli kwa simu kupitia mabalozi wanaowatafuta wagonjwa vijijini. Tatizo kubwa huwa ni kumpata mama mwenyewe, maana amejificha.

Matangazo ya Jumapili huchukua muda wake: harambee ya bati, mazoezi ya kwaya, uchumba unaotangazwa kwa mara ya tatu. Tangazo la fistula, na namba ya simu ya kupiga, halizidi dakika moja. Lisomwe kwa sauti, lifike benchi la nyuma.